Bei ya Kulala Njiani

Katika mji mdogo wa Quartzsite, ulioko jangwani Arizona karibu na mpaka wa California, liko kaburi la mtu aliyezaliwa katika milki ya Waturuki, akavuka bahari mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani liliwanunua ili kuwajaribu kwa kubeba mizigo katika nchi kavu za magharibi, akaishi huko mpaka mauti yalipomfika mwaka 1902. Jina lake Haji Ali, ambalo wenyeji, kwa kutolimudu katika ndimi zao, waliligeuza likawa Hi Jolly. Mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ilijenga juu ya kaburi lile piramidi ya mawe, na kileleni ikaweka ngamia wa shaba. Nilisimama mbele yake asubuhi moja ya Januari, nikamwombea marehemu rehema, na nilipogeuza uso nikaona uwanda wote, kadiri ya upeo wa macho, umetapakaa nyumba za magurudumu, nyeupe kwa maelfu, kama majahazi yaliyotia nanga bandarini yakingoja upepo wa kurudi.

Mfano huo haukunijia bure. Kama vile majahazi ya Uarabuni yalivyokuwa yakishuka pwani yetu kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi, ndivyo watu hawa, aghalabu wazee waliostaafu kutoka Minnesota, Michigan na hata Kanada, wanavyoshuka kusini theluji inapoanza na kupanda kaskazini inapoyeyuka. Quartzsite yenyewe ina wakazi wapatao 2,400 tu. Wageni wake wa majira ya baridi huhesabiwa kwa malaki. Mpwa wangu, anayeishi Phoenix, na ambaye ndiye aliyenipeleka huko katika karavani yake ndogo anayoikokota kwa pikapu, aliniambia tulipokuwa tukishusha viti, "Mjomba, hawa wote wamekimbia baridi." Nilimsadiki. Lakini siku tano nilizokaa miongoni mwao, nikinywa kahawa yao na kusikiliza hesabu zao, zilinifunulia kwamba wako wengi pale ambao wamekimbia na bei pia, na kwamba kama bei isingekuwapo wangekuwa mahali pengine kabisa, penye kivuli na maji ya bomba, wakihama kila baada ya siku mbili au tatu kama walivyozoea.

Ardhi ile ni ya umma, chini ya idara ya serikali kuu iitwayo Bureau of Land Management, na desturi yake ni ya namna mbili. Katika sehemu moja, La Posa, msafiri hununua kibali cha msimu mzima, tangu tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, ambacho kwa miaka mingi kimeuzwa dola 180, yaani chini ya dola moja kwa usiku mmoja. Na katika sehemu nyingine, pembezoni mwa barabara ya Plomosa, mtu hulala bure siku 14, kisha sheria humtaka ahame. Hakuna umeme unaoletewa, hakuna bomba linalofika mlangoni, na aghalabu choo ni kile ulichokuja nacho. Kinyume chake ni kambi za watu binafsi, zenye nguzo ya umeme, maji na bomba la maji taka katika kila kiwanja, ambako siku hizi kutozwa dola 80 kwa usiku si jambo la kumshangaza mtu, na mahali penye ufuko wa bahari au penye hifadhi mashuhuri, katika majira ya watu wengi, dola 100 na zaidi imekuwa bei ya kawaida.

Ili msomaji apate kipimo, na aitazame nyuma safari ndefu ya bei hizi. Mwaka 1962, mjini Billings katika jimbo la Montana, kando ya mto Yellowstone, mfanyabiashara aitwaye Dave Drum aliona magari ya ahali nzima nzima yakipita kwenda kwenye maonyesho ya dunia mjini Seattle, na wenyewe hawana mahali pa kulaza ubavu. Akafungua kambi, akatoza dola 1.75 kwa usiku, na kwa fedha hiyo mgeni akapewa meza, mahali pa kukokea moto, choo safi na maji ya moto ya kuogea. Hiyo ndiyo asili ya kampuni ya KOA, ambayo leo kambi zake zimeenea Marekani na Kanada kote. Bei ile ya kwanza, ukiipima kwa thamani ya fedha ya zama zetu, haifiki dola 20. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mambo yamepanda kwa sababu ya fedha kupungua nguvu peke yake. Kulala kwenyewe kumekuwa ghali.

Sababu zake ni kadhaa, na insafu yanidai nizitaje zote, hata zile zinazowatetea wenye kambi. Wakati wa maradhi ya korona, watu walipoziogopa hoteli na ndege, Wamarekani walizigeukia nyumba za magurudumu kwa raghba isiyopata kuonekana: mwaka 2021 peke yake viwanda vilitoa zaidi ya 600,000, na kaya zenye kumiliki chombo cha namna hii zikakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 11. Viwanja vya kulala havizaliani kwa kasi hiyo, kwa kuwa ardhi nzuri ni chache na vibali vya kujenga ni vizito. Tena nyumba zenyewe zimenenepa. Ile ya zamani ilitumia taa mbili na feni. Hii ya leo ina viyoyozi viwili au vitatu, jokofu kama la nyumbani na mashine ya kufulia, nayo hunywa umeme wa kambi mchana kutwa. Bima imepanda, mishahara imepanda, na katika sehemu nyingi wazee wawili mume na mke waliokuwa wakimiliki kambi kwa aushi yao yote wameuza kwa makampuni makubwa ambayo hisa zake huuzwa katika soko la New York, na mwenye hisa, ambaye hatalala pale hata usiku mmoja, hana haja nyingine isipokuwa faida ya mwaka huu ipite ya mwaka jana. Hapo ndipo ilipoingia desturi ya bei isiyotulia, ipandayo Ijumaa na kushuka Jumanne, na ada ndogo ndogo juu ya ada: ya kuchagua kiwanja, ya mbwa, ya gari la pili, ya kuahirisha.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Lugha yetu ina neno ambalo leo limeharibika maana, nalo ni hongo. Kabla halijawa jina la rushwa lilikuwa jina la ushuru uliolipwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na hakuna nchi ulikolemea kama Ugogo, penye maji haba, ambako mwenye kisima alijua thamani yake na msafara mzima uliijua pia. Hongo haikukomesha safari. Ilibadili mwendo: viongozi walitafuta njia za kando, misafara midogo ilingojana ikaungana, na hesabu ya vitambaa na shanga ikafanywa kabla hata mguu haujatoka mwambao. Ada ya kambi inafanya kazi hiyo hiyo huko Marekani. Haimrudishi msafiri nyumbani. Inamfundisha mwendo mwingine, ambao kwa macho yangu una raha ndogo na uhuru mdogo kuliko ule wa kwanza.

Jirani yetu pale jangwani alikuwa fundi wa mabomba mstaafu kutoka Michigan, mtu mrefu mwenye mikono mipana, na mkewe, ambaye alikuwa karani wa shule. Jioni ya pili mpwa wangu aliwaita kula wali na maharage ya nazi, wakaja na viti vyao, na yule mama alikuja na daftari. Lilikuwa daftari la shule la kawaida, jalada lake limekatika pembe na kushikizwa kwa utepe wa kubandika. Tangu waliponunua nyumba yao mwaka 2009 ameandika humo kila usiku waliolala: tarehe, mahali, na gharama. Nilimwomba ruhusa nilifungue, akanipa.

Kurasa za miaka ya kwanza zimejaa mpaka pambizoni. Kila mstari ni mahali pengine: usiku mmoja hapa, siku mbili pale, kijito fulani, kijiji fulani, kambi ya msituni dola 12, kambi ya mji dola 18, mahali pasipo jina dola sifuri. Katika ukurasa mmoja liko doa la rangi ya kahawia, kubwa kama sarafu, nami nilipoligusa yule mama akacheka akaniambia ni pichi. Walikuwa wakipita Colorado, wakaona mkulima anauza mapichi kando ya njia, wakasimama kununua sita. Mkulima akawaambia nyuma ya bustani iko kambi ya wilaya, wakaenda kutazama, wakakaa siku tano. Hawakuwa wamewaza hata saa moja kabla yake kwamba watalala mahali pale.

Kisha nikafunua kurasa za karibuni. Mistari imepungua, na kila mstari umebeba wiki tatu, mwezi, au miezi miwili, kwa sababu kambi za binafsi humpunguzia bei akaaye mwezi, na kwa sababu nyumba ile hula galoni moja ya mafuta kwa maili 8, hata kuhama kwenyewe ni gharama. Majina ya mahali yamekuwa yale yale kila mwaka. "Zamani tulikuwa tukisafiri," yule mzee alisema, akiangalia moto, "sasa tunahama tu." Mkewe hakumkanusha.

Maneno yake yamekaa nami, maana tofauti ya kusafiri na kuhama ni kubwa, ingawa magurudumu ni yale yale. Msafiri hutua mahali moyo unapomwambia atue. Jioni ndiyo inayomchagulia manzili. Huyu wa leo huchaguliwa na kalenda. Kambi nyingi za serikali kuu hufunguliwa kuwekewa nafasi kwa mtandao miezi 6 kabla ya siku ya kulala, na zile za mahali penye sifa, kama Yosemite, hujaa katika dakika chache, mithili ya nafasi za daladala saa ya kutoka kazini. Mtu aliyeko Michigan mwezi wa kumi, na theluji haijaanguka, hana budi kujua usiku wa tarehe gani wa mwezi wa nne atataka kulala wapi. Akiugua njiani, au akipenda mahali akatamani kuongeza siku mbili, nafasi yake ya mbele inapotea na ada ya kuiweka haimrudii. Na kwa kuwa kila mmoja anaogopa kukosa, wako wenye uwezo ambao hushika nafasi mbili tatu za wakati mmoja, kisha wakaenda kwenye moja. Mlinzi wa kambi hupita magharibi akakuta viwanja vitupu vyenye karatasi za majina, na hali langoni amemrudisha mtu aliyefika bila taarifa na watoto wanaosinzia. Jambo hili naliona ni dhuluma, hata kama hakuna mtu mmoja wa kuhukumiwa kwalo. Kiwanja cha umma ambacho mwenye nafasi hajakifikia hadi usiku apewe aliyeko mlangoni. Na katika kila kambi ya umma sehemu moja ibaki isiyowekewa nafasi kabisa, kwa atakayetangulia kufika, kama ilivyokuwa desturi ya kambi nyingi hapo awali.

Majimbo nayo yameanza kutenga mwenyeji na mgeni. Idaho ilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuruhusu mgeni kutoka jimbo jingine atozwe maradufu katika mbuga zake tano zenye watu wengi kupita nyingine. Florida, tangu mwanzo wa mwaka 2024, humruhusu mkazi wake kuweka nafasi miezi 11 mbele, na mgeni miezi 10, mwezi mmoja ambao watosha wenyeji kumaliza kila kiwanja kilicho karibu na bahari. Mwenyeji ana hoja, kwani kodi yake ndiyo iliyojenga, na alikuwa hapati mahali katika mbuga ya nyumbani kwake. Ila nafsi yangu, iliyolelewa kwa msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone, inaona uzito katika nchi moja, yenye bendera moja, ambapo mtu huwa mgeni kwa kuvuka mstari uliochorwa kwenye ramani.

Msemo mwingine wetu, ule wa siku ya tatu mpe jembe, nao umepata tafsiri yake huko. Wako wazee wengi ambao hawalipi kiwanja kwa fedha bali kwa kazi: husafisha vyoo, hupokea wageni langoni, hukata nyasi, aghalabu saa 20 kwa wiki, na ujira wao ni mahali pa kuegesha pamoja na umeme. Wengine huipenda kazi hiyo kwa dhati, hasa wajane na wagane, kwa kuwa inawapa watu wa kuzungumza nao. Nilimkuta mmoja mwenye miaka 74 ambaye magoti yake hayamruhusu kuinama, na majira ya joto yote alikuwa akiinama kusafisha majivu ya mioto ya watu wengine. Huyo hakuniambia kwamba anaipenda.

Walio na fedha zaidi hujiunga na vyama vya uanachama, wakalipa mara moja kwa mwaka wapate kulala katika mashamba ya zabibu au katika kambi zinazoshirikiana. Wengine hulala katika viwanja vya maduka makubwa ya Walmart, pale msimamizi anaporuhusu, ingawa maduka yanayoruhusu yamekuwa yakipungua. Wenye umri wa miaka 62 na zaidi wanacho kibali cha aushi cha mbuga za taifa, kilichouzwa dola 10 hadi Agosti 2017 kikapandishwa kuwa dola 80, nacho hupunguza nusu ya ada katika kambi nyingi za serikali kuu; yule mama wa daftari huhifadhi chake ndani ya Biblia. Na wenye vyombo vikuukuu wana taabu ya peke yao, kwa sababu ziko kambi za binafsi zisizopokea nyumba iliyopita miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama mwenyewe anazo fedha mkononi.

Waliobaki huenda jangwani, na huko kumezaliwa maarifa ambayo sisi tuliokulia majumba yasiyo na bomba tunayafahamu vyema. Tangi la majirani zetu huchukua lita 150 za maji, nao huyafanya yadumu siku 9. Nilimtazama yule mama akiosha vyombo: kwanza hufuta sahani kwa karatasi mpaka zing'ae, kisha huzinyunyizia maji yenye sabuni kwa chupa ya kupulizia, kisha husuuza zote kwa kikombe kimoja, akishika kila sahani juu ya ile inayofuata ili tone la ya kwanza lianze kazi ya ya pili, na maji yale machafu yakabaki katika beseni kwa ajili ya choo. Nilimkumbuka marehemu mama yangu na mtungi wake, nikamwambia, naye akafurahi sana kusikia kwamba ufundi wake una dada ng'ambo ya bahari. Paani wana paneli nne za sola, na mchana wa jua kali huwa wana umeme kuliko wanavyohitaji.

Lakini jangwa nalo si mfuko usiojaa. Kadiri kambi zinavyopanda bei ndivyo ardhi za bure zinavyosongamana, na miongoni mwa wanaokuja wamo wasiojua adabu ya mahali pasipo mlinzi: niliona makopo katika majivu, na vichaka vilivyogeuzwa vyoo umbali wa hatua chache kutoka njiani. Mamlaka hujibu kwa kufunga, au kwa kuweka mipaka na vibali, na kila panapofungwa watu husogea mahali pengine wakapasonga nako. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ada ni ovu kwa asili yake. Sheria ya mwaka 2004 inaagiza kwamba angalau asilimia 80 ya ada inayokusanywa katika ardhi za burudani za serikali kuu ibaki pale pale ilipokusanywa, na choo kisafi, ukuni uliokatwa na njia isiyo na mashimo havishuki kutoka mbinguni. Ninachokitaka ni kipimo cha adili. Anayetumia umeme wa viyoyozi vitatu na apimiwe kwa mita alipe alichotumia, na mwenye karavani ndogo ya taa mbili asibebeshwe mzigo wake. Na kambi zilizojengwa kwa kodi ya watu wote ziwe na viwanja ambavyo mtu wa pensheni ndogo anaweza kuvilipia bila kuacha dawa zake dukani.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki huenda hawalijui. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 za alumini zinazong'aa kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita katika nchi zetu, wakapanda Uhabeshi wakapokewa na Mfalme Haile Selassie, wakafika kwenye piramidi za Misri mwaka 1960. Huko njiani barabara zilikuwa matope, na karavani zikavutwa kwa kamba na kwa mikono ya watu. Nilimsimulia yule mzee habari hiyo, akaniambia kwamba picha ya karavani zile zimezunguka mbele ya piramidi ndiyo iliyokuwa ukutani katika karakana ya mwajiri wake wa kwanza, na ndiyo iliyomtia shauku ya njia akiwa kijana wa miaka 19.

Asubuhi ya kuondoka kwetu alikuwa amelala chini ya nyumba yake akikaza boliti, na mkewe ameketi mezani na daftari. Nilikwenda kuaga. Ukurasa wa mwaka ule ulikuwa mbele yake, safi, hauna doa, na juu yake ilikuwapo mistari minne tu. Wa nne ulitaja mbuga moja ya Utah, siku 6, na bei yake imekwisha kuandikwa kwa wino, na tarehe yake ilikuwa bado miezi mitatu kufika.